Wanawake wa Edo kwenye kuta za Kampala: mapitio ya seti ya picha kumi na mbili

Seti ya nakala kumi na mbili za picha za zamani za wanawake wa Japani, karibu zote zikiwa zilichapwa kwa mbao zilizochongwa, inayouzwa katika duka moja la uchapaji na fremu karibu na Barabara ya Nasser, Kampala, inastahili kununuliwa, ila isinunuliwe kama ilivyopangwa mezani. Kasoro yake kubwa haionekani kwa urahisi kwa mtu anayetafuta pambo la ukuta wa saluni au wa sebule, na ndiyo maana naona inafaa kuieleza kwa kirefu. Jina la duka silitaji, kwa kuwa maduka ya aina hiyo ni mengi mtaani pale na makosa nitakayoyataja si ya mmoja wao peke yake.

Nianze na yale ambayo mteja anayaona mara tu anapoingia. Picha zimechapwa kwa mashine ya kidijitali kwenye karatasi nzito isiyong'aa, ya ukubwa wa A3, na mteja huchagua ama kuchukua karatasi peke yake ikiwa imeviringishwa ndani ya mrija, ama kuwekewa fremu ya mbao yenye kioo. Karatasi peke yake ni shilingi 35,000 na yenye fremu ni shilingi 110,000, na anayechukua seti nzima hupunguziwa iwapo anajua kupatana bei. Kwa kazi ya fundi wa fremu, bei hiyo haichukizi: pembe zimeshikana vizuri, kioo kimekaa bila kuchezacheza, na kati ya picha na fremu fundi ametandika kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mtuba ambacho utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu.

Lubugo hiyo ndiyo iliyonipendeza kuliko kitu kingine chochote dukani. Rangi yake ya udongo mwekundu inaziweka picha mahali pake bila kushindana nazo, na tena kuna undugu wa kweli kati ya vitu hivyo viwili. Karatasi ya Kijapani iliyotumika kuchapia picha za asili hutengenezwa hasa kwa nyuzi za gome la ndani la mforosadi wa karatasi, mti ulio katika jamii moja na mtuba wetu. Wakazi wa kandokando ya msitu wa Mabira wanaufahamu mforosadi huo kwa sifa mbaya, kwa sababu uliletwa nchini kutoka ng'ambo na sasa unaenea msituni humo kupita kiasi. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Kuhusu ubora wa uchapaji, hukumu yangu inatofautiana kutoka picha moja hadi nyingine. Picha za asili zilikuwa kazi ya watu wanne: mchapishaji aliyetoa mtaji na kuchagua mada, msanii aliyechora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, mchongaji aliyeigandisha karatasi hiyo juu ya ubao wa mcheri na kuchonga mistari yake, na mchapaji aliyepaka rangi na kusugua karatasi juu ya ubao kwa mkono. Kuanzia mwaka 1765, pale Suzuki Harunobu na wenzake walipofanikisha picha za rangi nyingi, kila rangi ilikuwa na ubao wake, na karatasi moja ilipita juu ya mbao hizo zote bila kuhama hata kidogo. Kipimo cha umahiri wa mchongaji kilikuwa nywele. Ukitazama kwa karibu kipaji cha uso katika picha nzuri iliyochorwa na Kitagawa Utamaro, pale nywele zinapoanzia juu ya sikio, utaona mistari myembamba mno, kila mmoja ukiwa umeachwa umesimama juu ya ubao baada ya mbao za pande zake zote mbili kuondolewa kwa kisu. Katika nakala za dukani, nywele za Utamaro zimesalimika na zinahesabika. Za Harunobu hazikusalimika. Picha yake iliyomo katika seti, ya Osen, msichana aliyeuza chai katika kibanda cha Kagiya karibu na hekalu la Kasamori, ilikuwa ndogo tangu asili, kiasi cha sentimita 28 kwa 20. Duka limeikuza kutoka faili dogo hadi A3, na matokeo yake ni nywele zilizogandamana kama zimemwagiwa wino. Hiyo usiichukue.

Sasa kasoro yenyewe. Karatasi ambayo Utamaro na wasanii wengi wa baada yake waliitumia ilikuwa na urefu wa sentimita 38 hivi na upana wa sentimita 25 hivi. A3 ina umbo lililo fupi zaidi, sentimita 42 kwa 29.7, kwa hiyo picha ya asili ikikuzwa hadi ijaze upana wa A3, urefu wake unafika sentimita 45. Zile tatu zinazozidi hazina pa kwenda ila chini ya mashine ya kukatia. Duka limeamua kuzikata zote juu, pengine kwa kuwa chini kuna mikono na mavazi, na juu kuna maandishi tu ambayo hakuna mteja wa Kampala anayeyasoma. Hapo ndipo ilipo shida, kwa kuwa katika picha za wanawake za miaka ya 1790 maandishi ya juu mara nyingi ndiyo yanayotuambia tunamtazama nani.

Chukua ile inayouzwa zaidi katika seti hii, picha ya Utamaro ya mwaka 1793 hivi ya warembo watatu wa wakati wake. Wanawake watatu wamepangwa mfano wa piramidi, vichwa na mabega tu, na kwa mtazamaji wa haraka nyuso zao ni moja: macho membamba, pua ndefu, midomo midogo. Lakini hawa hawakuwa watu wa kubuni. Wa katikati ni Tomimoto Toyohina, geisha, yaani mtumbuizaji wa muziki na ngoma, wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro yenye leseni, aliyesifika kwa uimbaji. Wa kulia ni Okita wa kibanda cha chai cha Naniwaya, jirani na hekalu la Asakusa. Wa kushoto ni Ohisa wa Takashimaya, binti wa mwuza biskuti za mchele. Okita na Ohisa walikuwa wasichana wa kazi, wa umri wa miaka kumi na kitu, na mji mzima wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulimiminika kununua chai na biskuti ili uwaone. Mtu akiitazama picha kwa utulivu ataona kwamba Utamaro hakuzirudia nyuso: pua ya mmoja ina mwinuko kidogo, mashavu ya mwingine ni mapana zaidi, na nyusi hazifanani. Tofauti hizo ndogo zilimtosha mtu wa Edo, hasa zikisaidiwa na nembo za nguo, yaani ua la primrozi la Toyohina, jani la paulonia la Okita na majani matatu ya mwaloni ya Ohisa. Katika nakala za kwanza za picha hiyo, majina yao yameandikwa sehemu ya juu. Katika nakala za baadaye yameondolewa.

Yaliondolewa kwa sababu serikali ilikataza. Katika miaka ile watawala walikuwa wakikaza kamba juu ya anasa na umaarufu wa watu wasio na cheo, na mwaka 1793 wakapiga marufuku kuandika kwenye picha majina ya wanawake, isipokuwa ya makahaba wa Yoshiwara. Yaani jina la msichana anayeuza chai halikuruhusiwa, la mwanamke aliyemo ndani ya danguro lenye leseni likaruhusiwa. Utamaro na wachapishaji wake walijibu kwa werevu: waliweka kwenye pembe ya juu kisanduku chenye vichoro vidogo, kama vile mshale, bahari na shamba la mpunga, ambavyo mnunuzi akivitamka kwa mfululizo anapata jina la Okita na la kibanda chake. Mwaka 1796 vichoro hivyo navyo vikapigwa marufuku, na mwaka 1800 ikaja amri dhidi ya picha zenyewe za vichwa vikubwa vya wanawake. Utamaro alikuja kufungwa pingu kwa siku 50 mwaka 1804, ingawa safari hiyo kosa lake lilikuwa kumchora mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi. Alifariki mwaka 1806.

Mtu akiyajua hayo, hawezi kuitazama A3 ya dukani kwa moyo mweupe. Mashine ya Barabara ya Nasser imemaliza kwa pigo moja kazi iliyowagharimu wadhibiti wa Edo amri juu ya amri. Katika picha nyingine ya seti, iliyokuwa na kisanduku cha vichoro, kilichobaki ni ukingo wa chini wa kisanduku chenyewe, mstari mfupi mweusi unaoelea juu ya nywele za mwanamke bila maana yoyote. Nilipomwonyesha mhudumu, alisema kwa upole kwamba hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na ninamwamini.

Kosa la pili ni dogo kwa ukubwa lakini linachekesha na kuhuzunisha pamoja. Picha ya mwanamke aliyesimama, iliyochorwa na Torii Kiyonaga, imegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Mwenye duka alinieleza kwamba wateja wa saluni hupenda picha mbili zinazotazamana pande mbili za kioo, na mwanamke huyu wa Kiyonaga alikuwa anatazama upande usiofaa. Kwa kuwa maandishi yalikwisha kukatwa, hakuna kilichobaki cha kumfichua, isipokuwa ukosi. Kimono huvaliwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu ya upande wa kulia. Kinyume chake ni mavazi ya maiti anayeandaliwa kwa mazishi. Mwanamke yule wa saluni, pamoja na madaha yake yote na mwavuli wake, amevikwa sanda. Ni kweli kwamba ugeuzaji haukuanzia Kampala: jarida la Paris Illustré la mwaka 1886 lilichapa picha ya kahaba iliyochorwa na Keisai Eisen ikiwa imegeuzwa, na mchoraji Vincent van Gogh akainakili hivyo hivyo mwaka uliofuata. Hata hivyo, van Gogh hakuwa anauza nakala halisi.

Pamoja na seti hutolewa kijikaratasi cha maelezo, na hicho ningeshauri kiandikwe upya chote. Kinawaita wanawake wa picha zote kumi na mbili "geisha". Katika seti nzima, geisha niliyemtambua kwa hakika ni Toyohina peke yake. Wengi waliobaki ni makahaba wa madaraja ya juu, na dalili ipo wazi kwa anayejua mahali pa kutazama: mshipi mpana wa kimono, obi, umefungwa mbele, kwa fundo kubwa linaloshuka tumboni, ilhali wasichana wa mjini na geisha waliufunga nyuma. Mwanamke wa Buganda anayeweza kutambua kwa mbali, kwa namna gomesi ilivyokunjwa na mshipi wake ulivyofungwa, kama aliyeivaa anakwenda kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, au kwenye matanga, hatahitaji kuelezwa mara mbili kwamba fundo husema.

Kuchanganya huko si jambo la msamiati tu. Yoshiwara ilikuwa mtaa uliozungushiwa handaki la maji na wenye lango moja kuu, ulioruhusiwa na serikali mwaka 1617 na kuhamishiwa nyuma ya Asakusa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657. Wasichana waliuzwa humo na wazazi maskini, wengine wakiwa watoto wadogo, na walifungwa na madeni ambayo yaliongezeka kwa kila kimono walichovaa. Yaani yale mavazi tunayoyasifu pichani mara nyingi ndiyo yaliyowazuia kutoka. Waliokufa bila ndugu wa kuwazika walipelekwa katika hekalu la Jōkan-ji, ambalo watu walilipa jina la hekalu la kutupia. Sisemi kwamba mtu asitundike picha hizi. Nasema kwamba picha za Yoshiwara zilikuwa pia matangazo ya biashara, na kwamba Utamaro mwenyewe alilijua hilo vizuri, kwani miongoni mwa kazi zake za miaka ya 1794 na 1795 kuna mfululizo wa picha tano unaoanzia kwa wanawake wa madaraja ya juu wa mtaa huo na kuishia kwa wa madaraja ya chini kabisa, nywele zikiwa zimelegea na kifua wazi, bila urembo wa kumfurahisha mnunuzi. Hakuna hata moja ya hizo katika seti, na pengo hilo linaonekana.

Picha ya kumi na mbili inahitaji maneno yake peke yake. Ni mandhari ya usiku ya Yoshiwara: wanawake wameketi nyuma ya vimbaombao vya dirisha katika mwanga mkali, na nje, gizani, wanaume wamesimama wakichungulia, vivuli vikiwa vimeanguka barabarani. Kijikaratasi kinasema ni chapa ya mbao ya Hokusai, msanii mashuhuri wa Japani. Si chapa, na si ya Hokusai. Ni mchoro wa brashi wa binti yake, Katsushika Ōi, na unahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ota mjini Tokyo. Ōi hakuweka saini ya kawaida. Alizigawa herufi za jina lake katika taa tatu zilizomo ndani ya mchoro, moja katika kila taa. Katika nakala ya dukani taa zote tatu zipo, kwa bahati njema, kwa sababu mchoro wenyewe ni mpana na ulikatwa mahali pengine. Miongoni mwa kumi na mbili, hii ndiyo kazi pekee ya mkono wa mwanamke, nayo imeuzwa kwa jina la baba yake. Nunua hata hivyo. Nyeusi yake imetoka vizuri sana, na mwanga unaopita kati ya vimbao unaonekana hata sebule ikiwa na giza.

Ninazozipendekeza bila kusita ni tatu. Ya kwanza ni ile ya jikoni ya Utamaro, iliyotoka mwaka 1794 au 1795 hivi, ambamo mwanamke amepuliza moto kwa mrija wa mwanzi na mwenzake amekunja uso kwa moshi. Hapa hakuna anayejipamba. Uso uliokunjamana ni kitu adimu katika picha za warembo, na Utamaro ameuchora kwa mistari miwili mitatu tu, pale jicho linapojifunga. Ya pili ni ya Tsukioka Yoshitoshi, kutoka mfululizo wake wa picha 32 wa mwaka 1888, ambao kila mwanamke anaonyesha hali moja: maumivu, joto, mwasho, uchovu. Iliyomo dukani ni ya mke wa enzi ya Meiji (1868–1912) anayetembea amevaa gauni la Kizungu na kushika mwavuli, na rangi zake kali zimekubaliana na mashine ya kidijitali kuliko zote. Ya tatu ni mwanamke anayechana nywele, ya Hashiguchi Goyō, ya mwaka 1920, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Nywele zile ndefu zinazoteremka kando ya kichwa ndizo picha yenyewe, na duka limezichapa kwa uangalifu unaostahili.

Rangi za picha za zamani hazikunipa taabu nyingi, isipokuwa kwamba duka limezing'arisha kwa kompyuta. Waridi ya kartamu na buluu ya maua iliyotumika karne ya 18 hupauka upesi kwa mwanga, hivyo picha tunazoziona leo katika makumbusho ni tulivu kuliko zilivyokuwa siku ya kwanza. Kuzing'arisha kwa kukisia kumewapa wanawake wa Kiyonaga mashavu ya wanasesere. Kinachokosekana kabisa, na ambacho hakuna mashine itakayokileta, ni unga wa ulanga uliopakwa nyuma ya vichwa vya Utamaro. Ulanga ule humeta mtazamaji anaposogea. Kwenye A3 umekuwa kijivu kitupu.

Kwa anayetaka kununua, njia nzuri ni hii. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York limefungua tangu mwaka 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, zipakuliwe bure na kutumiwa kwa namna yoyote, na makumbusho mengine kadhaa, likiwemo la sanaa la Chicago, yana utaratibu unaofanana na huo. Chagua picha humo, angalia kwamba karatasi nzima inaonekana pamoja na maandishi, mihuri na kingo zake, iweke kwenye flashi, na uwaambie wahudumu waichape juu ya A2 kisha wakate pembezoni tu, pasipo na picha. Nilitozwa shilingi 20,000 zaidi kwa kila moja, na fundi wa fremu, ambaye ndiye mtu hodari kuliko wote dukani pale, alikubali kutengeneza fremu ya kipimo kisicho cha kawaida bila kunung'unika, mradi alipwe nusu mapema. Msisitizie pia asigeuze chochote, na uitundike picha mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, kwa kuwa wino wa mashine hizi nao hupauka.

Kwa seti kama inavyouzwa sasa natoa alama tatu kati ya tano: mbili ni za fundi wa fremu na lubugo yake, moja ni ya yule aliyeamua kuiweka picha ya jikoni kati ya warembo.